Ambilikile na Mnara wa Iyula

Simu za Tunduma nimezitengeneza mimi kabla hao wengine hawajajua kufungua mfuniko wa betri. Shule niliiacha mapema, mpaka leo inanililia. Kwa hiyo nikisema namfahamu Ambilikile wa kampuni ya simu, mjue anayesema ni Uledi, aliyeuza naye laini kibandani kwangu pale mpakani, ambapo ukisogeza kitanda dirishani simu inakukaribisha Zambia.

Ambilikile alianza kwa kutembeza laini na fulana ya kampuni. Mwaka 2007 wakamwajiri kabisa, fundi wa minara. Basi tukakoma. Akaja na pikapu yenye rangi za kampuni, buti nzito, na jaketi lenye mikanda inayong'aa.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hilo jaketi ukipita nalo shambani, nyani hawarudi tena."

"Cheka tu. Kadi yako ya bima iko wapi?"

Hapo alinishika. Kadi pekee niliyowahi kuwa nayo ni ya kliniki, mama alipokuwa na mimba yangu. Yeye na mkewe Fides walikuwa na mtoto mwenye sikoseli, anaishiwa damu kila mara, na kadi ya kampuni ndiyo ilikuwa inawafungulia milango ya hospitali kubwa Mbeya. Utamu wa kazi ile ulikuwa hapo, wala sio kwenye pikapu.

Ubaya wake, simu hailali. Jumapili yuko kanisani Mbozi Mission, mchungaji anaomba, mfukoni panatetemeka: jenereta la mnara limezima Ikinga. Anatoka kwa kunyata kama mwizi wa sadaka. Fides alikuwa anasema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni jenereta.

Kisha kampuni ikataka kilima Iyula. Kilima chenyewe kilikuwa shamba la kahawa la mzee Yonathani, baba yake Fides. Watu wa suti walishampandia mzee, akawapa uji, wakashuka na uji tumboni bila shamba. Bosi wao wa Mbeya, Ngassa, akamwita Ambilikile.

"Wewe ni mkwe pale. Nenda. Anachotaka mpe, mradi mnara usimame."

Na mimi nikaenda, maana kuku wa ukweni ni mtamu hata kama ukwe sio wako.

Mzee alitaka jambo moja tu. Mwanawe mkubwa, Sadoki, ana mguu mbovu, jembe haliwezi. Awe mlinzi wa mnara, siku zote mnara utakapokuwepo.

"Dole gumba nitaweka," akasema mzee. "Ila karatasi ni ya kampuni. Wewe nataka neno lako."

Ambilikile akatoa neno. Mzee akaingia ndani, akatoka na panga. Katika ukoo wao, anayeomba ardhi yenye miti ndiye anayeikata. Mwenye shamba hagusi. Na kahawa ile ilipandwa na baba yake mzee.

"Kata mwenyewe, mkwe wangu. Siku ikiniuma nijue nani alikata."

Ambilikile akakata, jasho linamtoka. "Fundi," nikamwambia, "hapo hata mchicha haukatiki." Hakuna aliyecheka ila mimi.

Mnara ukasimama. Sadoki akavaa kofia ya ulinzi, akawa anachaji simu za wanakijiji, akaezeka nyumba bati. Akimwona Ambilikile kwa mbali anapiga saluti, "Shemeji, mnara mzima!" Miaka ikaenda hivyo, mpaka 2013 kampuni ilipouza minara yake kwa kampuni nyingine. Hao wapya walikuwa na walinzi wao kutoka mjini, na mbwa. Sadoki aondoke.

Ambilikile alimpigia bosi akiwa kibandani kwangu, simu ameweka spika.

"Bosi, yule mlinzi wa Iyula tulimwahidi baba yake."

"Tulimwahidi nani? Kwenye mkataba hayumo."

"Wewe ulisema nimpe anachotaka."

"Nilisema umpe wewe. Sikusema kampuni itampa. Sasa sikiliza. Funguo za geti nenda kazichukue wewe. Wale ni watu wako, mtaelewana kwa kilugha chenu. Hutaki, andika barua ya kuacha kazi."

Simu ikakatwa. "Usiende," nikamwambia.

"Nikiandika barua, kadi inakufa. Uledi, utamtibu wewe mtoto?"

Nikafunga kibanda, nikapanda pikapu.

Tulienda wote. Sadoki alimkabidhi funguo, alikuwa hata amezifuta vumbi. Mzee amekaa mlangoni.

"Baba, sio mimi, ni kampuni..."

"Kampuni siijui," mzee akasema. "Sikuiona kampuni ikishika panga. Nilimwona mkwe wangu." Akasimama, akaushika mlango. "Haya, bwana kampuni, safari njema."

Nyumba iliyowapa uji hata watu wa suti, siku hiyo hatukupewa maji.

Na kampuni je? Kahawa ya msimu ule haijakauka kwenye vichanja, wakampigia: minara imeuzwa, mafundi wa nini tena. Kadi ikafa vilevile. Ngassa, nasikia, alipandishwa cheo. Mimi kwa hasira nikatupa laini yao, nikanunua ya wenzao. Baadaye Ambilikile akaniambia hao nao wamepanga kwenye mnara uleule.

Sasa anatengeneza simu kibandani kwangu. Hanifikii, ila anajitahidi. Fides anakwenda Iyula kumsaidia baba yake kuchuma kahawa iliyobaki, na kahawa hiyo ndiyo inamtibu mtoto. Mzee anampokea binti, anampokea mjukuu. Mkwe hapana.

Tukifunga kibanda jioni, Ambilikile anampigia mzee. Iyula siku hizi mtandao umejaa, hata bondeni unashika. Simu inaita vizuri, bila mkwaruzo, mpaka inakata yenyewe. Fides anasema mzee huitoa mfukoni, anasoma jina, anairudisha.

"Labda imeisha chaji," namwambia.

"Ikiisha chaji haiiti, Uledi."

Najua. Simu za Tunduma nimezitengeneza mimi.