Kabati Limesema Kulia

Chumba cha vijana cha maktaba yetu nilikipigania mwenyewe. Nilikiombea rangi, nikakiombea meza, nikakishonea mapazia kwa cherehani yangu, kisha kwa miezi mitatu kikawa chumba changu na ufagio wangu. Vijana wa Tukuyu walikuwa na kwingine kwa kwenda. Tangu biashara iwe ruksa, vibanda vya video vilikuwa vimeota kila kona, na sisi maktaba tulikuwa na vitabu vya ufugaji wa nyuki. Ungekuwa na miaka kumi na sita, ungekwenda wapi?

Ofisa mmoja wa wilaya alikwishaniambia wazi: mkutano ujao wa kamati ukikuta chumba bado kitupu, kitafanywa stoo ya mafaili ya zamani. Mafaili! Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikaunguza ndizi jikoni na mtu wa kumlaumu nisimpate.

Ndipo likaja boksi. Marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo walituletea kompyuta iliyokwishatumika, na katikati ya sidii za kamusi na ramani kulikuwa na moja yenye picha ya gari jekundu. Ulikuwa mchezo wa mashindano ya magari mtaani. Nilifunga mlango nikaujaribu. Kwa wiki nzima niligonga kuta, nguzo za taa na magari ya watu wasio na hatia, na sitaficha, nilifurahi kupita kiasi. Lakini kazi ni kazi, nikachukua daftari. Ubaya wake: polisi anakimbiwa, na anayemkimbia anasifiwa. Uzuri wake: kila gari lina maelezo ya injini, gia na matairi, na asiyeyasoma anachagua gari bovu na kushindwa. Hapo nikapata wazo. Nitayaweka maelezo yale kwa Kiswahili, niyapange pamoja na vitabu vyetu vya ufundi wa magari, na atakayetaka kucheza asome kwanza, anieleze alichosoma, ndipo aguse kompyuta.

Likabaki jambo moja, na hilo lilininyima usingizi. Kwa utaratibu wetu, kitu kipya cha vijana hakikuingia rafuni mpaka mwenyekiti wa kamati akipitie mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, atie saini. Na mwenyekiti hakuwa mtu wa kutia saini asichokijua. Aliwahi kumaliza kitabu kizima cha hesabu za sekondari, kisha akatuonyesha jibu lililokosewa. Na mwenyekiti huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawapeani mkono. Nilipomwona anakuja njiani niliingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake silitaji hata hapa, simfichi, namheshimu. Nilikuwa nimeolewa kwake Mpuguso miaka kumi na moja na sikuwahi kumwambia neno. Kwenye mikutano nilikaa chumba cha pili, mlango wazi, na taarifa yangu ikasomwa na katibu, muuza vitenge wa pale mjini, Mwislamu mcheshi aliyependa kusema kwamba mimi ndiye mfanyakazi pekee anayejificha asionwe na bosi wake na bosi akafurahi.

Kitabu mzee angekisoma peke yake. Huo mchezo je? Kompyuta hakuwahi hata kuigusa.

Alikuja Alhamisi asubuhi na koti lake jeusi na fimbo. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, mpaka goti lilipomgomea. Nilikuwa nimekwishawasha kila kitu na kujibanza nyuma ya kabati la vitabu vya kilimo. Kabati lile halikuwa na mgongo. Katikati ya vitabu nilikiona kioo cha kompyuta; yeye sikumwona. Katibu aliketi kando yake awe mdomo wangu.

“Haya, hayo masindano ya magali yako wapi?” mzee aliuliza.

“Sindano ziko hospitali, mzee wangu. Hapa ni mashindano.”

“Si ndiyo nimesema? Masindano.”

Katibu akamwonyesha vitufe vya mishale. Mzee akaondoka taratibu, kama lori lililosheheni, akashika kushoto kama alivyoshika miaka yote, na gari la kwanza kutokea likamvaa uso kwa uso. Akaanza upya. La pili likamvaa. Na la tatu.

“Hawa madilefa wamelewa!” alifoka. “Mbona wote wananijia mimi?”

Katibu alikuwa anacheka tu. Angesaidia nini, yeye mtu wa baiskeli? Gari la nne lilipomvaa nikasikia kiti kikisukumwa nyuma na fimbo ikiokotwa. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wiki nzima sikuliona, kwa kuwa sijawahi kushika usukani: katika nchi ya mchezo ule magari yote yanapita kulia. Mzee alikuwa anaondoka, na chumba changu kilikuwa kinaondoka naye.

“Kulia, baba! Shika kulia!”

Sauti ilikuwa yangu, na ilikuwa imekwishatoka. Katibu aliacha kucheka. Nikajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Adabu ya miaka kumi na moja nilikuwa nimeimwaga kwa ajili ya gari la kwenye kioo.

Kisha nikasikia kiti kikirudi mezani.

“Kabati limesema kulia,” mzee alimwambia katibu polepole. “Umelisikia?”

“Nimelisikia,” akajibu katibu, Mungu ambariki.

“Basi tusike kulia.”

Tukashika kulia. “Kona kali mbele,” lilisema kabati. “Naiona,” mzee akalijibu kabati. Mimi kwenye kona zile nilikuwa nakanyaga mafuta na kuishia ukutani. Yeye aliachia mapema, akaingia kwa upole, akatoka kwa kasi, vilevile alivyoteremsha chai kwenye kona zetu za milimani kwa miaka yote ile. Wenzake waligongana; yeye akapita. Akamaliza wa tatu.

“Kabati,” akaita. “Tuludie.”

Tukarudia, akawa wa pili. Tukarudia tena, akawa wa kwanza. Fataki zikajaa kwenye kioo, katibu akapiga kigelegele cha harusi, mwanamume mzima na kofia yake, na mimi huku nyuma nikaruka hadi vitabu viwili vya nyuki vikaanguka. Mzee akasubiri kelele zitulie, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, “Ndaga fijo.” Ni asante sana, na ilikuwa inaelekea kwenye kabati.

Siku ya mkutano yule ofisa alisema maktaba haiwezi kuleta uhuni wa mitaani. Mzee akamwacha amalize.

“Mcheso una makosa mawili,” akasema. “Magali yanasika kulia, na polisi anakimbiwa. Yote mawili yaandikwe ukutani, kwa helufi kubwa. Lakini fitabu fingi fya hapa nimefisoma nikisinsia. Huu sikusinsia.”

“Na nani alikufundisha kucheza, mzee?” ofisa akauliza kwa kejeli.

“Kabati.”

Wajumbe wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

“Fijana wabaki na mahali pao,” akasema. “Na kabati lile lisihamiswe.”

Katika chumba cha pili nilikuwa nalia kwa furaha, kitenge mdomoni tena, nisisikike.

Jumatatu foleni ilifika nje kwenye mvua. Aliyekuwa mbele, binti wa Kisondela, alinisomea ukurasa mzima wa breki bila kumeza mate. Mafaili ya ofisa yakatafutiwa kwingine.

Jioni, baada ya kufunga, niliifungua fomu ya mchezo niiweke kwenye jalada. Saini ya mzee ilikuwa pale chini. Juu yake, penye mstari wa jina la aliyesaidia majaribio, nilitegemea kukuta kabati. Kwa mkono wake mzito wa kidereva alikuwa ameandika: Mkamwana wangu.