Vigae Vitano vya Malvern

Asubuhi hiyo ya mwaka 2017 nilitoka Marshalltown, katikati ya jiji, na begi mgongoni bila kujua niendako. Chumba nilichokuwa nikilala kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Nikafuata barabara ya mashariki kwa sababu tu ilikuwa ndefu, hadi Malvern, ambako nilikuta nyumba ya zamani ikibomolewa.

Mvunjaji alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, nyundo begani. Niliingia kuchungulia, kama kawaida yangu. Shule niliiacha mapema, kuulizauliza sikuacha. Ubavuni mwa meko, pale Waingereza wa zamani walipootea moto, kulikuwa na vigae vitano vilivyobandikwa kwa chokaa, kimoja juu ya kingine. Shina la kijani lilianzia kwenye chungu, likapanda kigae hadi kigae, likachanua ua jekundu juu kabisa. Ndani ya rangi ya jani moja ulikuwa umenasa unywele wa brashi. Aliyelichora huko Uingereza bila shaka alishakufa. Unywele ulikuwa bado pale.

"Ndugu, unalia ao unaangalia?" Mkongo akauliza.

"Naangalia."

"Basi vitoe! Mzee wa duka la vitu vya kale, pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, anatafuta mtu wa kuvitoa vizima. Iko na kazi, iko na chumba. Mimi nikivigusa vinakuwa unga."

Kazi na chumba. Nikalowesha chokaa kwa maji, nikashika patasi. Nilianza chini, maana nilitaka kulifuata shina linavyopanda. Fundi angeanza juu. Nilipong'oa cha nne, cha tano kilikosa cha kukishikilia. Kikateleza, kikapasukia kwenye jiwe la meko. Ua likawa vipande visivyookoteka.

Nilipovifikisha dukani, mwenye duka alivigeuza vile vinne, akasoma herufi za kiwanda mgongoni, akanirudishia.

"Ua liko wapi?"

Akamgeukia mteja.

Nilirudi kukaa kifusini hadi jua likapungua. Hata hasira sikuwa nayo.

"Eish, papa, weye!" Mkongo akasema alipomaliza kazi. "Twende, utalala kwangu."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni, kimegawanywa kwa pazia. Nikaviegemeza vigae ukutani. Aliepua sufuria ya bukari, ugali wa kwao, akatafuta pa kuiweka, akachukua kigae chenye unywele, akakilaza sakafuni.

"Ona, hiki kimepata kazi," akasema, akaitua sufuria juu yake.

Nikasogea, tukala.