Nilichoandika Kwenye Safu ya Maoni

Sijawahi kumwamini mtu anayenipa soda bila sababu. Nilimnong'onezea hivyo jirani yangu wa banda la mboga siku ile mheshimiwa wa wadi alipotuita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, Kianda. Lakini soda niliinywa, na mkate niliula. Mheshimiwa alikuja akiwa amechelewa, akazungumza kidogo kuhusu barabara na maendeleo, akaondoka simu ikiwa sikioni. Nyuma yake karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka. Jina, kitambulisho, simu, mtaa, maoni, sahihi. Hapa kwetu mkutano usio na karatasi ni porojo, na tuliijaza mbiombio kwa kuwa mkate ulikuwa unagawiwa mlangoni, na hupewi kama hujajaza.

Mimi ni fundi wa nguo. Banda langu liko kwenye kiwanja kidogo kando ya njia ya kwenda Ayany, pamoja na mabanda mengine kumi na moja, na nimeshona humo sare za shule mpaka nikasomesha wanangu wawili. Wa tatu bado yuko sekondari. Wiki chache baada ya ile soda nilifika asubuhi nikakuta mlango umechorwa X kwa rangi nyekundu. Mabanda yote yalichorwa. Nairobi hakuna asiyejua X hiyo inaleta tingatinga.

Tulikwenda ofisini kwa mheshimiwa, watu sita. Alitutazama kana kwamba sisi ndio tumemkosea.

"Hapo panajengwa maegesho ya magari," alisema. "Na si mlikubali nyinyi wenyewe? Karatasi iko, na mlisaini."

Nikajua ameghushi. Sikuuliza kuiona hiyo karatasi, sikufikiri mara mbili. Mtu ambaye hajanunua hata sindano kwangu, leo anataka kuniambia nimekubali kufukuzwa.

Dada yangu anakaa Gatina, kule Kawangware, na huko ndiko nilikokwenda kuchapisha barua ya malalamiko. Saiba, yaani vibanda vya kompyuta, za upande wetu wa Olympic niliziogopa zote: huyu ni shemeji wa mheshimiwa, yule alimpigia kampeni, na wa tatu ana macho tu nisiyoyapenda. Hata Gatina nilimwomba mchapaji ageuzie kioo cha kompyuta ukutani, naye akanitazama kama mwizi. Niliandika kwamba sahihi zetu zimetumiwa kwa hila, kwamba neno la kukubali limeghushiwa, na kwamba tabia hiyo haimfai mtu tuliyempa kura. Niliipeleka mwenyewe bunge la kaunti, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, nikaificha ndani ya foronya ya mto. Aliyejua ni mtu mmoja tu, jirani wa mboga, kwa sababu ndiye aliyenichungia banda siku hiyo.

Haukupita muda msaidizi wa mheshimiwa akasimama mlangoni pangu. Ni mwanamume mpole, mpole kupita kiasi. Aliishika sketi niliyokuwa nimeitundika, akaikagua mishono.

"Sasa, fundi," alisema. "Nimesoma barua yako. Unaandika vizuri kama unavyoshona."

Alipoondoka niligeuka nikamwangalia jirani akikata sukuma wiki, kisu kikienda taratibu kama mtu asiye na neno. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Kuanzia siku hiyo mboga nilizifuata Ayany. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi, nami nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nijifanye sikusikia. Nilimchukia, na sitasema uongo: kumchukia kulinipunguzia hofu.

Kisha nikaitwa na ofisi ya bunge la kaunti. Karani, mwanamke wa makamo, alinisogezea karatasi ya mahudhurio ya siku ile ya soda; kichwa chake, ambacho sikuwa nimekisoma, kilisema mradi wa maegesho ya magari. Mstari wa kwanza ulikuwa wa yule msaidizi, kwa mwandiko mzuri. Kwenye mtaa aliandika Kianda, kwenye maoni akaandika Nakubali. Chini yake hakukuwa na neno lililoghushiwa hata moja. Kulikuwa na vile vialama viwili tunavyoweka sote kwenye kila karatasi, vya kusema kama hapo juu. Chini ya Kianda, vialama. Chini ya Nakubali, vialama. Mikono yetu ilishazoea, ikavuka kutoka safu moja hadi nyingine bila kusimama.

"Hivi ni vyako?" karani aliuliza.

Nilitafuta tofauti itakayoniokoa. Lakini mstari wangu ulikuwa wa wino wa kijani, kalamu ninayoandikia vipimo vya wateja.

"Ni vyangu," nilisema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwa hasira ya aibu hiyo nikamuuliza ni nani aliyempa mheshimiwa barua yangu. Akashangaa. Waliipeleka wao, alisema, maana anayelalamikiwa lazima apewe nafasi ya kujibu, ndio utaratibu. Nikainamia tena ile karatasi. Katika watu wote, nafasi moja ya maoni ilikuwa tupu, na jina lake lilikuwa la jirani wa mboga.

Karani alisema dai la kughushi halisimami, ila naweza kuomba mkutano urudiwe. Niliomba hapo hapo.

Jioni nilikwenda kwa jirani nikanunua sukuma, nikamweleza yote, hata ya Ayany. Alicheka kidogo, si sana. Nilipomuuliza kwa nini aliacha nafasi ile, alisema hakujua vile vialama ni vya nini.

"Na kitu nisichokijua siandiki," alisema. "Mimi shule niliiacha mapema, jirani. Jina langu ndilo ninalolijua."

Mkutano wa pili nilikaa mbele. Karatasi ilipofika, mstari wa kwanza ulikuwa tayari umeandikwa Nakubali, mwandiko ule ule wa msaidizi. Nikaandika chini yake Nakataa, kwa kijani, nikampa jirani.

Nyuma yetu watu walianza kuguna, mkate uko mlangoni. Nilijua wataweka vialama chini ya chochote kilicho juu yao, na hata leo sijui ni wangapi walikuwa upande wangu. Jirani hakuharakishwa. Aliuliza nimeandika nini, nikamsomea. Aliuliza maana yake itakuwa nini wakija na tingatinga, nikamweleza pia. Kisha akaomba nimwonyeshe herufi moja moja, akaziandika zote saba polepole, kubwa, zikitoka nje ya kisanduku, zikapanda juu ya mstari wangu na kuifunika nusu ile Nakubali ya juu.