Vidonge Kwenye Droo ya Cherehani

Fundi mwenzangu tunamwita Pindo. Kila sare ya shule anayoshona huiachia pindo pana kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake alifumue badala ya kununua nyingine. Wateja wanampendea hilo. Mimi ninayekaa cherehani ya pili najua na jingine: anashonea watoto wa watu huku wake hajampata, na hilo linamuuma kuliko tumbo lenyewe.

Na tumbo lilimtesa. Siku zake zikifika alishona ameinama, chupa ya maji ya moto ameifunga tumboni kwa kitambaa. Kila alikokwenda kutibiwa aliimbiwa wimbo uleule: vumilia, ndivyo wanawake tulivyoumbwa. Kuvumilia! Miaka nenda miaka rudi, mpaka daktari mmoja alipomsikiliza, akampima, akamwambia kuna nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inayoota nje yake, na kila mwezi nayo huvimba na kuvuja damu. Akampa vidonge vya homoni ameze bila kuruka siku, hedhi isimame. Maumivu yakatulia. Ila daktari hakumficha: ukiwa unavimeza hivi, mimba haiingii. Yeye na mumewe wakapanga ameze mpaka msimu wa sare uishe, apate nguvu, kisha aache wajaribu kupata mtoto, daktari akiwafuatilia.

Sasa sikia ujinga. Nyumbani wanaishi na mama mkwe, na yule mume, fundi umeme asiyeogopa nyaya, anamwogopa mama yake.

"Tusimwambie kwanza," alisema. "Atakuwa na maneno mengi."

Basi vidonge vikahamia droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki. "Mficha uchi hazai," nilimtania Pindo, naye akanikata jicho.

Haikupita muda, wifi yake akaja kubadilishiwa zipu, akajifungulia droo kutafuta pini. Akakuta vidonge vilevile anavyomeza yeye kupanga uzazi.

"Kumbe!" akafoka. "Mama anaomba mjukuu usiku na mchana, kumbe wewe umefunga mlango!"

"Wifi, ni dawa ya tumbo."

"Tumbo gani? Mimi mtoto mdogo?"

Kesho yake mama mkwe alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alivichukua, akavitupa chooni, akamsema Pindo mbele ya wateja hadi sauti ikamkauka. Mume alipoambiwa, akajibu, "Nitaongea naye." Tukasubiri hayo maongezi. Damu ikarudi, maumivu yakarudi nayo, sare zimerundikana hadi dirishani. Asubuhi moja nilimkuta Pindo amelala sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa, meno ameyauma. Nilimpigia mumewe simu nikamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na mwanaume akakimbilia duka la dawa.

Mama mkwe akatangulia kufika, kuchukua sare ya mtoto wa wifi, nikamkabidhi. Pindo alikuwa keshajikokota hadi kitini, jasho linamtiririka.

"Una nini wewe?"

Kabla hajajibu, mume akaingia. Alipomwona mama yake, mkono wake ukarudi mfukoni.

"Toa," Pindo akasema.

"Tutaongea nyumbani."

"Toa hapahapa. Na umwambie mama nani huvinunua."

Pakiti ikatoka. "Ni mimi, mama," alisema akitazama viatu vyake. "Ni dawa ya maradhi yake. Nilijua tangu mwanzo."

"Ukaniacha nimseme hivi mtoto wa watu?"

Pindo ndiye aliyejibu, kwa hasira.

"Mama, unadhani navimeza kwa raha? Kila nikimeza kimoja, najua mtoto wangu nimemsogeza mbele tena. Nikiacha, hata kusimama siwezi. Nimechoka kuamuliwa. Nitaacha, lakini siku tuliyopanga na daktari, siyo siku mtu akijisikia kuvitupa."

Mama mkwe aliweka sare chini, akaenda kwenye jagi letu, akamimina maji kikombeni, akamshikia.

Pindo alimeza kidonge huku analia. Kisha akavuta sare iliyokuwa chini ya sindano, akakunja pindo, pana kama kawaida yake.