Nilipolipaka Rangi Paa la Kanisa

Niliacha shule darasa la saba, lakini sikuacha kusoma. Miaka ya themanini nilizunguka Kisumu na vijiji vya ufuoni nikishika kazi yoyote, na mfukoni nilibeba kitabu kizee cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichopewa na muuza magazeti makuukuu niliyemsaidia mizigo. Kilihusu mabaharia wa zamani katika bahari za Asia, meli zikipita Malaka na China miaka mia moja nyuma. Kilieleza miamba iliyojificha majini na minara ya taa iliyojengwa baada ya meli nyingi kupotea. Pasipokuwa na mnara, nahodha alitafuta hekalu jeupe juu ya kilima, akalielekezea chombo chake. Ukurasa mmoja niliusoma hadi ukachanika: hekalu lisipopakwa chokaa, linamezwa na miti, na meli zinaingia mwambani. Nilicheka. Watu wazima kutegemea chokaa ya makasisi wasiowajua!

Bahari sikuwahi kuiona. Ziwa nililiona kila siku na sikuwahi kuliuliza chochote.

Kanisa moja magharibi ya mji lilitaka mtu wa kupaka paa lake la mabati yaliyong'aa rangi ya kijani. Wazee wake walikuwa walimu na wenye maduka, wakitaka lipendeze siku ya harambee. Wavuvi walisali kwingine, kwa kanzu nyeupe na ngoma, na hakuna aliyewauliza. Mimi nilikubali kwa sababu moja. Mama yangu, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu, alikuwa anaumwa tumbo vibaya, na nilipata ujumbe kwamba ataletwa Alhamisi kwa boti ya injini kutoka ng'ambo ya ziwa, apelekwe hospitali mjini. Kutoka juu ya paa ningeiona boti mapema.

Siku ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa wa omena kando ya ukuta aliniita.

"We Baba wa rangi! Sasa Mungu atatuona wapi? Umezima taa yake."

"Mungu anaona hata gizani, Mama."

"Mungu sawa. Na wanaume wa boti je?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikachovya brashi.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimebakiza ukanda mdogo tu. Upepo ulikuwa umeanza, na ziwa lote limekuwa jeupe kwa mawimbi. Boti ikatokea, imejaa watu. Ilikuja moja kwa moja, kisha ikapinda kushoto, ikarudi kulia, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoizoea. Siku nyingine mawimbi hupasukia miamba iliyojificha karibu na ufuo na kuionyesha. Siku hiyo yalipasuka kila mahali.

"Anatafuta nini huyu?" nilisema kwa sauti.

Ndipo nikageuka. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kilima, kijani kitupu. Nikatazama chini ya magoti yangu: kijani kilekile. Ukurasa ule uliochanika ukanijia wote.

Bati moja jipya lisilopakwa rangi lilikuwa limeegemezwa ukutani, karibu na yule mama wa omena.

"Mama, nipe hilo bati!"

"La nini?"

"Nipe! Mama yangu yuko kwenye boti!"

Hakuuliza tena. Alilisukuma juu ya ngazi, nikalivuta, likanikata kiganja. Nilipanda nalo hadi juu kabisa, upepo ukininyang'anya, nikaligeuza huku na huku nikitafuta jua. Wingu lilikuwa limelikalia. Nililipigia kelele lile wingu, nikalitukana kwa Dholuo matusi ambayo sijayarudia. Jua likachungulia. Nikauona mng'aro ukiruka juu ya maji, na boti ikageuza pua yake.

Iligeuka, lakini ilikuwa imechelewa. Mkia ukagonga mwamba. Sauti haikunifikia, niliona tu watu wote wakisimama kwa pamoja, jambo ambalo abiria wa boti hapaswi kufanya kamwe.

Wavuvi walitoka na mitumbwi. Walimleta mama yangu amelazwa juu ya nyavu, hai. Mwanamke muuza vitunguu na mwanamume aliyekuwa amebeba kuku hawakuletwa. Walipatikana Jumamosi.

Wodini mama aliwaambia wote, "Huyu ndiye aliyetuonyesha njia. Bila lile bati tungekwisha sote." Wagonjwa wakanibariki. Nahodha wa boti alikuja kumjulia hali, mkono umefungwa bandeji, kisha akaniashiria nitoke naye. Nje akaniambia, "Omera, ndugu yangu, miaka kumi na moja nimeingia kwa kulifuata paa lile." Akaondoka.

Nilirudi kanisani na brashi ya waya na mafuta ya taa, niitoe ile rangi. Wazee wa kanisa walinifukuza mara mbili. Mara ya tatu yule mama wa omena alinishikia ngazi, na hawakumweza.

Jumapili mama yangu alinishika mkono akatazama kucha zangu.

"Wuoda, mwanangu, hii kijani ni ya nini?"

"Ya paa la kanisa, Mama."

"Ulikuwa unalipaka?"

"Nilikuwa nalikwangua."

Ulikuwa ukweli, nusu yake. Mama akaukunja mkono wangu ndani ya wake, akauingiza chini ya blanketi, mahali ambapo watu wa vitanda vingine hawangeuona.