Siku Niliyoamuru Adhana Isingoje Saa

Wallahi jambo hili sipendi kulisimulia, na lau si kwamba mtaa mzima wa kwetu Mambrui unalijua ningekwenda nalo kaburini, lakini kwa kuwa wenzangu wanalisimulia kwa kutia chumvi (wapo wanaosema nililia hadharani, na si kweli, nilikaribia tu), afadhali mlisikie kutoka kwangu mimi Maalim Swaleh, mtu mzima mwenye mvi, niliyewafuturisha watu jua likiwa bado linawaka.

Msikiti wetu wa mtaani ni mdogo, na mwadhini wetu ni Bwana Athman, mwenye sauti ambayo hata watoto wanaijua. Siku anazosafiri, kazi yake hufanywa na kompyuta ndogo tuliyopewa sadaka na mtu mwema. Aliyetufungia mashine hiyo ni Nasra, binti wa marehemu ndugu yangu, ambaye nimemlea mwenyewe na sasa ni fundi wa kompyuta mjini Malindi. Alimrekodi Bwana Athman, akaiweka adhana humo, ikawa wakati ukifika kompyuta inaadhini yenyewe, na maikrofoni yetu nayo hupitia humo humo kwenda kwenye spika. (Masheikh wana maneno yao juu ya adhana ya kurekodiwa, na tangu siku ile mimi sibishani nao tena.)

Sasa, stima ya kwetu, yaani umeme, mnaijua. Inakwenda na kurudi inavyotaka, na kila ikirudi ile kompyuta ilikuwa inachukua muda mrefu kuamka. Siku moja Alasiri ikachelewa, na Bwana Shee anayekaanga viazi karai mbele ya msikiti akaniuliza mbele ya wateja wake, "Maalim, mashine yenu imelala, au imeshaswali peke yake?" Watu wakacheka. Neno hilo likaniuma, nikampigia Nasra aje.

Alipokuja akaniamkia, akakaa chini mbele ya kompyuta, akanieleza kwa upole. "Ami, humu ndani mna msimamizi mmoja. Kompyuta ikiwaka, yeye ndiye anayeamka mwanzo, halafu anaziamsha huduma nyingine moja baada ya moja. Kwanza saa, maana betri ya saa imechoka, na stima ikikatika saa hii inakimbia mbele. Halafu intaneti, ili saa iulize wakati wa kweli ijirekebishe. Halafu sauti, halafu maikrofoni. Adhana inaamka mwisho, kwa sababu inawahitaji wote hao."

"Adhana mwisho?" nikasema.

"Mwisho kuamka, ami, si mwisho kwa heshima."

Hapo ndipo nilipokosea, nami nilikosea nikidhani nafanya ibada. Nikamwambia, "Adhana iweke mbele. Kisitangulie kitu, na hivyo vingine vyote vikae nyuma vingoje mpaka imalize."

"Ami, nitaiachia sauti tu, la sivyo haitasikika, lakini itaita kabla haijajua ni saa ngapi."

"Nasra, adhana ya Mwenyezi Mungu haingoji saa."

Angekuwa mteja mwingine angembishia, lakini mimi ndiye niliyemsomesha, basi akainamisha kichwa akabonyeza vitufe vyake. Nami niliyefundisha watoto miaka na miaka kwamba udhu una mpango wake, kwamba huwezi kuosha miguu kabla ya uso, nikatoka pale nimeridhika na nafsi yangu. Stima ikakatika mara kadhaa baada ya hapo, ikirudi wakati ambao haukukaribia swala yoyote, kompyuta ikaamka kimya, nikajisifu.

Ramadhani ikaingia. Na hapa lazima niwaambie habari za dada yangu mkubwa, Bi Mwanakheri, ambaye nyumba yake imeelekeana na msikiti. Dada ana ugonjwa wa sukari, na Ramadhani iliyopita hakufunga hata siku moja, akawa anashinda ndani akilia, kwani ni mtu aliyefunga tangu utoto. Mwaka huu daktari alimkubalia ajaribu siku moja tu, moja, kisha arudi akapimwe. Akaichagua siku yake kama mtu anayechagua kanga ya harusi. Asubuhi nilipopita kumjulia hali aliniambia, "Swaleh, niombee siku yangu ifike salama." Nikamwambia itafika, inshallah.

Siku hiyo hiyo Bwana Athman alikwenda Matsangoni mazishini. Siku hiyo hiyo stima ikakatika baada ya Alasiri, na ikarudi kabla ya Magharibi, mimi nikiwa uani msikitini napanga sahani za tende, jua bado liko juu ya minazi upande wa bara, jua zima, la rangi ya samli. Nikasikia spika inakwaruza. Kisha sauti ya Bwana Athman ikatoka, "Allahu Akbar, Allahu Akbar," nzuri, tulivu, haina wasiwasi hata kidogo.

Niliganda. Nilitazama jua, nikatazama spika, nikatazama jua. Kutoka nyumba za jirani nikasikia mtoto akipiga kelele za furaha, nikasikia vikombe, nikasikia mtu akisema bismillahi, na kila bismillahi iliyosemwa mtaani ilinichoma, maana hukumu yake niliijua bila kuuliza mtu: anayekula akidhani jua limetua kumbe bado, dhambi hana, lakini siku yake imekwenda, atazuia kinywa mpaka Magharibi na atailipa. Na dada yangu alikuwa na siku moja tu.

Ningekwenda kwa dada moja kwa moja, ni kuvuka njia tu. Lakini nikasema, nikimkimbilia yeye peke yake nitaulizwa na Mola juu ya mtaa mzima. Afadhali nishike maikrofoni niwazuie wote. Nikakimbilia ndani. Maikrofoni haisemi. Nikaigonga, hola. Nikakumbuka: vingine vyote vingoje mpaka adhana imalize. Nani alisema hivyo? Mimi.

Basi nikabonyeza kompyuta izime. Ikaniandikia kwenye kioo kwamba inangoja huduma ya adhana imalize kazi yake kwanza ndipo ijifunge. (Baadaye Nasra alinieleza kwamba kuzima nako kuna mpango, kila huduma hupewa nafasi imalize iliyo nayo mkononi isije ikaharibu kitu, na mpango huo ni wa busara, lakini mimi wakati ule busara ilikuwa imenihama.) Nikachomoa waya ukutani.

Kimya. Alhamdulillahi. Lakini sasa maikrofoni nayo imekufa, na sauti yangu, kinywa kikavu cha siku nzima, haifiki hata kwenye viazi vya Bwana Shee. Nikasema nitauchomeka tena waya, iamke, niwahi maikrofoni. Nikauchomeka. Nikasubiri huku nasoma kila dua niliyoijua. Spika ikakwaruza, na Bwana Athman akaanza tena, "Allahu Akbar, Allahu Akbar," tangu mwanzo, kwa sababu ile ya kwanza ilikatizwa na mashine ilikuwa inakamilisha wajibu wake. Basi hata wale waliokuwa wamesitasita, wakitazama angani na vikombe mikononi, waliposikia adhana mara ya pili wakaona shaka imeondoka, wakanywa.

Nikauchomoa tena, nikautupa chini kama nyoka, nikatoka mbio peku. Mtu wa umri wangu, kanzu nimeikusanya mkononi, napiga kelele, "Msile! Jamani, msile! Bado!" Bwana Shee alikuwa na kiazi mdomoni. Akaniangalia, akaangalia jua, akabaki hivyo hivyo, hatafuni wala hatemi.

Dada yangu alikuwa barazani kwake. Nusu ya tende ilikuwa mkononi, nusu haipo. Ukutani nyuma yake jua lilikuwa limepiga, jekundu, wazi kabisa. Akanitazama akasema taratibu, "Swaleh, hili jua la nani?"

Nikakaa chini miguuni pake. Akaitoa ile iliyobaki kinywani, akaifunga kwenye pembe ya leso yake, akafunga mdomo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimwambia, "Dada, unatetemeka? Kama sukari inashuka, kula, usijiumize." Akatikisa kichwa. "Sijambo. Nitangoja na watu."

Watu wakatoka majumbani. Njia ikajaa, wote wamesimama wanatazama upande wa bara, na wale waliokula wananitazama mimi. Hakuna aliyenitukana, maana mwezi ni mtukufu, lakini nilisikia, "Basi tutalipa, wote tutalipa," na mama mmoja akasema, "Yeye si ndiye mwalimu?" Nilitamani ardhi inimeze. Nilijiona siku ya Kiyama nimebeba saumu za mtaa mzima mgongoni, naitwa kwa jina.

Jua likashuka nyuma ya minazi, likapotea. Nikangoja bado, kwa hofu, mpaka nikawa na yakini isiyo na shaka. Nikapanda ngazi za msikiti, nikaweka mikono masikioni, nikaadhini kwa kinywa changu, sauti imekwaruza, inakatika katikati.

Nilipomaliza, nikageuka. Hakuna aliyekula. Watu wameshika tende na maji, wananitazama. Jua limetua, futari imekuwa halali, na hakuna hata mtu mmoja anayeniamini. "Hiyo ni ya tatu leo, Maalim," akasema Bwana Shee, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ndipo dada yangu akanyanyuka barazani, ameshika ukuta, akaita kwa sauti kila mtu asikie. "Swaleh! Ni wewe, au ni lile sanduku?"

"Ni mimi, dada."

"Umeliona jua likitua kwa macho yako?"

"Nimeliona, wallahi."

"Haya. Kama ni wewe, mimi nakunywa." Akasema bismillahi, akainua bilauri ya maji mbele ya watu wote, akanywa mpaka akaimaliza. Bwana Shee akamtazama, akanywa. Kisha mtaa mzima.

Daktari alimpima akamkuta salama, Alhamdulillahi, na baada ya Idi akamkubalia siku nyingine ya kulipa. Nilifunga naye, ingawa mimi sikudaiwa, nikashinda barazani kwake, na sharti lake lilikuwa moja tu, nisiguse kitu chochote chenye waya. Nasra alikuja akairudisha saa itangulie kuamka, akabadilisha na ile betri, na hakusema "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki. Nilimwomba radhi. Akasema, "Ami, na mimi nilipaswa kubisha zaidi."

Sitaamuru tena kitu kitangulie bila kuuliza kinahitaji nini kabla yake. Siku hizi stima ikirudi nakaa mbele ya kompyuta nikitazama huduma zikiamka moja baada ya moja, na mtu akichungulia mlangoni kuuliza mbona adhana imechelewa, namwambia ndiyo, imechelewa, ingia ukae tungoje.