Kipimo cha Pumzi ya Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Iringa, miaka ya hamsini, Mganga Mkuu alinikabidhi pipa. Nikadhani nimeajiriwa kuchota maji. Kumbe lilikuwa la kupimia pumzi: mgonjwa anapuliza kwenye mrija wa mpira, kopo lililopinduliwa ndani ya maji linapanda, kalamu inachora kwenye karatasi. Wagonjwa wangu walikuwa wenye vibiongo. Mgongo ukipinda, mbavu huyabana mapafu, na mwenye pumzi ndogo akipewa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Niliyemkataa hakupasuliwa. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Nikahamishiwa Mbeya. Huko Daktari Mpasuaji alikuwa mkali, na kila kipimo aliinama mbele ya mgonjwa kuitazama kalamu, nami pembeni yake. Akaletwa Atupele, binti wa Tukuyu, na bibi yake. Mgongo ulizidi kupinda, na kilima cha kwao hakukipanda tena bila kubebwa. Nikampima mara tatu, kalamu ikatikisika tu. Nikaandika: hafai. Daktari akaamuru kesho yake arudishwe kwao.

Mchana ule nikapita jiko la ndugu wa wagonjwa. Kuni mbichi, moshi mtupu, watu wanakohoa. Atupele akapiga magoti, akapuliza mara moja tu, moto huo! Nikamuuliza mbona kwangu hapulizi hivyo. Akainamisha uso.

“Baba, nitawapuliziaje watu wazima usoni? Nyumbani ningechapwa.”

Lo, mjinga mimi! Nikaenda kwa Daktari kukiri kosa. Akaniuliza:

“Sasa asiyefaa ni nani?”

“Ni mimi, Bwana Daktari.”

Tukakigeuzia kiti ukutani, sote tukasimama nyuma, bibi akamwambia apulize kama anawasha moto. Kalamu ikapanda hadi ikatoka nje ya karatasi. Daktari akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

Atupele akapasuliwa, mgongo ukaungwa kwa kipande cha mfupa wa mguu wake, akakaa miezi ndani ya plasta ngumu. Akatoka hajanyooka kama fimbo, lakini kilima alikipanda kwa miguu yake.

Nyinyi vijana mashine zenu zinajiandikia zenyewe. Vizuri, ila muulizeni na mgonjwa.

Siku ya kuniaga kazini nilipostaafu, mama mmoja aliwapita wakubwa wote, akasimama mbele yangu, akanipulizia usoni, fuu! Watu wakaguna. Huku nalia na kucheka, nikawaambia mwacheni Atupele apulize.